Kaunta ya Sentimita Mia na Kumi na Tano

Msanifu alikuwa anavaa viatu vyeupe kwenye eneo la kazi. Hilo peke yake lilitosha kumkera Fundi Milimita, lakini aliamua kumeza, maana kazi ilikuwa nono na yeye si mtoto wa kununia viatu vya mtu. Basi kila asubuhi jamaa alipoingia akirukaruka juu ya vumbi la msasa kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, Milimita alimsalimia vizuri, akageuka, akamkonyeza mwenzake Kipara, mpiga vanishi, na wote wawili wakacheka na mbao.

Hilo jina la Milimita alipewa na wateja. Mafundi wengine wakisema "hapa inatosha," yeye alikuwa anapiga magoti, anafumba jicho moja, anasema, "Bado milimita mbili." Aliwahi kumnyang'anya bibi harusi meza ya chakula siku mbili kabla ya harusi, kisa mguu mmoja umezidi unene wa kucha. Bibi harusi alilia. Milimita alimwambia, "Lia tu, binti, lakini meza yako haitalewa kabla ya wageni."

Safari hii kazi ilikuwa makao makuu ya kampuni moja kubwa, ukumbi wa chini na ofisi za juu. Na huko ndani, acha kabisa. Sakafu ya marumaru nyeupe inayokuonyesha meno yako ukiinama. Ukuta mzima wa majani ya plastiki, eti mtu apumue. Taa zinaning'inia kama masufuria yaliyopinduliwa. Vyumba vya mikutano ni vioo vitupu, na tayari wahasibu wawili walikuwa wamevigonga kwa paji la uso wakidhani ni mlango. Kuna viti vya wageni vya rangi ya maziwa ambavyo Kipara alivikalia mara moja tu, akashindwa kuinuka, ikabidi avutwe mikono miwili.

Kazi zote za mbao zilikuwa za Milimita: rafu, milango, fremu, na juu ya yote kaunta ya mapokezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho yake. Mita sita za mninga uliopindwa kama mwezi mchanga, vipande vitano vinavyofungwa kwa bolti hata usione kiungo. Miezi miwili karakana ilinuka mninga. Mkewe alilalamika kwamba hata mto wa kulalia unanuka kaunta.

Na kazi yenyewe aliipata kwa kupigiwa debe na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ndiye mpokeaji wageni wa kampuni hiyo kwa mwaka wa kumi na moja. Anajua sauti ya kila mteja kwenye simu. Anajua nani anapenda kuitwa daktari ilhali si daktari. Wakati ukumbi unafumuliwa, yeye alihamishiwa kwa muda kwenye kachumba ka nyuma, na huko akawa anapokea simu huku akipiga chafya za vumbi la shemeji yake.

Alhamisi mchana Milimita alikaza bolti ya mwisho. Akarudi nyuma hatua tano, akaitazama kaunta, akaona raha inampanda kama mtu aliyekunywa maji baridi juani.

"Shemeji!" Sauti ilitoka kwenye korido. "Nimekuja kuiona kaunta yenyewe."

Alikuwa anakuja kwa kasi, mikono inasukuma magurudumu ya kiti chake kama anayekimbiza basi. Kiti hicho anacho tangu ana miaka tisa. Si hichohicho, lakini vimepokezana. Mapajani alikuwa na karatasi iliyokunjwa. Hakusimama kusalimia. Alizunguka mwisho wa kaunta, akaingia nyuma yake, na akatoweka.

"Shemeji, uko wapi?" akaita Milimita.

"Niko kazini," sauti ikajibu kutoka nyuma ya mbao. "Hunioni?"

Ukapanda mkono mmoja. Vidole vitatu vikatokeza juu ya ukingo wa kaunta, vikachezacheza kama vya mtu anayeomba kutolewa kisimani. Kipara akacheka. Alipoona amecheka peke yake, akajifanya anakohoa.

Milimita alichungulia. Aliona utosi wa shemeji yake na mstari wa nywele zilizogawanywa katikati. Rafu ya ndani, ile aliyoipiga msasa mara nne mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto, ilikuwa sawasawa na kidevu chake.

"Hii ni yako?" aliuliza shemeji bila kuinua uso.

"Ni yangu."

"Umeipima?"

"Nimeipima. Mia na kumi na tano juu, tisini na tano rafu ya ndani. Kama mchoro ulivyo..."

"Nauliza ulimpima nani!"

Sauti ilipiga vioo vya ukumbi ikarudi. Shemeji akatoka nyuma ya kaunta, akaja mpaka magurudumu yakagusa buti za Milimita, akamtupia ile karatasi kifuani.

"Barua imeletwa saa nne. Inasema kuanzia Jumatatu nahamia chumba cha kumbukumbu kule nyuma, nipange mafaili, mshahara uleule, kwa sababu kaunta mpya haiendani na mahitaji yangu. Nikasema ngoja nikaione hiyo kaunta isiyoendana na mimi. Kumbe fundi wake namjua! Kumbe ndiye nilimwombea kazi!"

"Shemeji, sikiliza..."

"Sisikilizi. Meza ya jikoni kwangu aliitengeneza nani? Wewe. Hukuuliza hata kipimo. Ulinitazama, ukaenda, ukarudi na meza, ikanikaa kama nguo. Lakini miezi miwili hii unapiga randa ukuta wa kunifukia, na kila Jumapili unakuja kwangu kula, unaniambia, 'Shemeji, nakutengenezea kitu utalia.' Haya, nalia! Umefurahi?"

Hakuwa analia. Macho yalikuwa makavu na yamewaka.

Milimita aliikunja barua, akamrudishia. Mchoro alikuwa ameushika mkononi kila siku, siku sitini, aliona tisini na tano, akaona mia na kumi na tano, na akili yake yote ikawa kwenye mkunjo wa mbao. Mtu wa kukaa pale hakumpitia kichwani hata mara moja. Hasira ilimpanda, na kwa kuwa hakuweza kujipiga mwenyewe, aliipeleka kwa mwenye viatu vyeupe.

Msanifu alikuwa kwenye ukuta wa majani, anapanga jani la plastiki lililokaa upande.

"Kaka, mpokeaji wageni wa kampuni hii unamfahamu?"

"Mpokeaji? Anasimama." Msanifu akafungua mchoro, akaonyesha kwa kidole. "Ona, nimeandika. Nilikuja kupima Jumamosi ofisi ikiwa tupu, nisisumbue watu. Nikaikuta meza ya zamani, nyuma yake hakuna kiti. Nikajua hawa watu wao wanasimama. Ndiyo mtindo wa kisasa, Fundi."

"Hakuna kiti!"

"Hakuna kabisa. Nilichungulia hata chini."

"Kiti hakikuwepo kwa sababu mwenyewe alikuwa amekwenda nacho nyumbani!" Milimita akapiga kelele mpaka majani ya plastiki yakatikisika. "Ulitaka aje nacho Ijumaa, akiache ofisini, arudi kwake akitambaa?"

Msanifu aligeuka, akamwona shemeji pale katikati ya marumaru, na kwa sekunde moja uso wake ukawa wa mtu. Halafu ukafungika.

"Pole sana, dada. Lakini utawala umeshalipanga hilo. Wanakuja wasichana wawili warefu, sare moja. Ukumbi huu una urefu, unahitaji urefu. Wewe utapata chumba chako, kimya, bila bughudha..."

"Nani kakwambia nabughudhiwa na watu?" alisema shemeji polepole. "Miaka kumi na moja mgeni akiingia mlango ule uso wa kwanza ni wangu. Chumba cha kumbukumbu anaingia nani? Panya?"

Milimita hakungoja jibu. Alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa msumeno wa umeme, akachomeka waya. Kipara alisema, "Mzee, mninga ule..." akakatizwa na jicho. Msanifu aliruka mbele ya kaunta na mikono yake miwili wazi, kama golikipa.

"Weka chini," alisema shemeji.

"Naikata. Dakika ishirini, naishusha mpaka kifuani kwako."

"Nimesema weka chini, shemeji! Ukinikatia wewe, Jumatatu watasema fundi kichaa kaharibu mali, amemkatia ndugu yake. Wewe utapelekwa polisi, mimi kwenye mafaili. Sitaki hisani yako. Hata hasira yako siitaki, ninayo yangu ya kutosha."

Alivuta pumzi. Milimita alisimama na msumeno wake kama mtu aliyekatazwa kula.

"Niambie. Kipande kikikosewa kipimo, huwa unafanyaje?"

"Unajua ninavyofanya."

"Niambie mbele ya huyu."

"Nakiondoa. Nakirudisha karakana. Naandika kwenye daftari, kipande gani na kasoro gani. Na hakirudi mpaka aliyetoa kipimo aandike kipimo kipya na kutia saini. Iko kwenye mkataba, hata wao wameisaini."

"Basi," akasema shemeji. "Kwani hiki hakijakosewa?"

Akageuza kiti, akaondoka. Magurudumu yaliacha mistari miwili myembamba kwenye vumbi, moja kwa moja mpaka kwenye kile kachumba chake.

Ijumaa asubuhi Milimita na Kipara walifungua bolti kumi na mbili, wakatoa kipande cha tatu, kile cha katikati, wakakifunga blanketi na kukipakia kwenye pikapu. Kaunta ikabaki na pengo katikati, kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele. Kwenye daftari aliandika kwa herufi kubwa: KIPANDE CHA KATI. KIPIMO KIMEKOSEWA. MTUMIAJI HAKUPIMWA. Akabandika nakala kwenye meza ya Msanifu.

Simu ilianza kulia kabla hajafika kona.

"Fundi, unanifanyia nini? Jumatatu ni ufunguzi! Wageni sitini!"

"Nitumie kipimo."

"Kipimo ni kilekile!"

"Hicho kimekosewa."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waambie waje na futi."

Mkewe, aliyekaa kati ya wanaume wawili kwenye pikapu kwa sababu alikuwa anapelekwa sokoni, alisikia yote. Hakumpongeza. "Siku sitini," alisema akiangalia mbele. "Mdogo wangu huyo. Siku sitini, mume wangu, na mimi nafua shati lako linanuka ule ukuta." Walifika sokoni bila mtu kusema neno lingine, na Kipara alishuka naye ingawa hakuwa na cha kununua.

Jumatatu Milimita alivaa shati safi, akachukua daftari lake, akaenda. Alidhani atakuta pengo limezibwa kwa ubao wa kuazima au kwa maua. Msanifu kweli alikuwa amejaribu: alileta vyungu viwili vikubwa vya maua. Lakini alichelewa. Tangu saa moja na nusu shemeji alikuwa ndani ya pengo. Breki za kiti zimefungwa, simu mapajani, daftari la wageni kwenye goti, gauni la rangi ya chungwa linaonekana toka barabarani. Wale wasichana wawili warefu walikuwa wamesimama huku na huku nyuma ya kaunta, wanamwinamia kila dakika. "Dada, yule anayeingia ni nani?" "Yule ni wa bima, mwite mhandisi, ana kisukari, usimpe juisi." "Na huyu?" "Huyu mwite kwa jina la mwanawe, atakupenda."

Mkurugenzi alitokea kwenye lifti, mama mwembamba mwenye sauti ya chini ambayo watu wote huinama kuisikia. Alipoona, alitembea mpaka pale na tabasamu la wageni usoni, akasema bila kufungua meno, "Nani kakuruhusu kukaa hapa?"

"Barua yako, mama, inasema kaunta haiendani na mimi," alijibu shemeji, naye akitabasamu. "Hapa nilipo hakuna kaunta."

Milimita aliyekuwa nyuma ya nguzo alihisi mishipa ya shingo inasimama. Kabla hajasogea, mzee wa bima alishaingia. Aliwapita vijana wenye trei, akawapita Msanifu na Mkurugenzi, akaenda moja kwa moja kwenye pengo na mikono yote miwili mbele.

"Binti yangu! Niliambiwa mnajenga ngome, nikasema sasa nitampata wapi huyu. Kumbe mmefanya vizuri. Pale benki wameniwekea kaunta mpaka puani, nazungumza na mbao. Hapa mtu unamfikia. Hili wazo la nani, mama?"

Mkurugenzi alimgeukia Msanifu. Wageni kama kumi walimgeukia Msanifu. Na Msanifu, Mungu amsamehe, alirekebisha kola.

"Ni dhana yangu," alisema. "Kaunta nyingi ni ukuta. Mimi nilitaka kuuvunja, pale katikati kabisa, ili mgeni akutane na mtu."

Wakapiga makofi.

Milimita aliona giza. Aliona viatu vyeupe, aliona kichwa kilichowekewa mafuta, aliona kwamba mkono wake wa kulia umeshakunjwa bila yeye kuuambia. Alitembea kwenye ile marumaru hatua saba. Ya nane akamwona shemeji anamtazama, nyusi zimepanda, na jicho lake limekwenda kwenye daftari la Milimita.

Mkono ukafunguka.

"Hongera sana, kaka," alisema Milimita kwa sauti ambayo hata walinzi wa nje waliisikia. "Mimi ndiye fundi, wageni wangu. Dhana nzuri sana hii, nangoja saini ya mwenye dhana tu nimalizie. Kipande cha kati, cha chini. Kipimo gani, kaka? Sema niandike."

Msanifu aliangalia daftari kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sahani. "Tutazungumza baadaye, Fundi."

"Kwa nini baadaye? Umeshafikiria yote. Urefu gani?"

"Kama... themanini?"

"Themanini inaninyanyua mabega," alisema shemeji. "Njoo upime."

Mzee wa bima alikuwa anangoja. Mkurugenzi alikuwa anangoja, na tabasamu lake limeanza kukauka pembeni. Milimita alichomoa futi mfukoni akampa Msanifu. Naye akainama, suruali ilikuwa ya kubana, ikabidi apige magoti, na magoti mawili yakashuka kwenye marumaru yake. Alipima kutoka sakafuni mpaka chini ya kiwiko cha shemeji. Futi ikamponyoka, ikajikunja ikamchapa kidole.

"Sabini na mbili," alisema shemeji kwa ajili yake. "Na chini yake pabaki wazi, magoti yaingie. Sitini na tisa. Andika. Na hapo kwenye jina la mtumiaji usiandike mpokeaji. Andika langu."

Aliandika. Akatia saini. Mkurugenzi alikuwa ameshageuka aende kwa wageni wake.

"Mama, na barua yangu?"

"Tutaiangalia wiki hii."

"Iangalie sasa, mama. Kalamu iko hapa, na wageni bado wanakunywa juisi."

Hakupandisha sauti. Lakini hakusogea, breki zilikuwa zimefungwa, na nyuma ya Mkurugenzi watu walikuwa wameanza kukaa foleni wapokewe. Mkurugenzi aliandika neno moja juu ya barua, *imefutwa*, akatia saini na tarehe, akaondoka haraka viatu vikigonga. Shemeji aliikunja, akaiweka ndani ya gauni, akamwambia aliyefuata, "Karibu, mzee. Mguu umepona?"

Saa saba mchana Milimita alimkuta nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha ukuta, anakula karanga. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga tangu Alhamisi, na chini yake, asiseme uongo, alikuwa na kahamu kadogo ka kushukuriwa.

"Kipande kitakuwa tayari Jumatano, shemeji. Nimepata mbao ileile. Hutaona kiungo."

"Vizuri." Aliendelea kutafuna. "Hawa nimemalizana nao. Wewe bado."

"Najua."

"Hujui. Jumapili usije. Dada aje na watoto, wewe kaa nyumbani ule mbao."

"Sawa."

"Tangu asubuhi sijanywa maji," alisema ghafla. "Unajua kwa nini?"

"Kwa nini, shemeji?"

"Vyoo vya nyuma wamevifunga leo. Vipya viko pale karibu na lifti, vizuri sana, vioo mpaka darini, sabuni inanukia maua. Nimefika mlangoni nimekwama. Mlango una sentimita sitini. Kiti changu kina sitini na nne." Alipangusa maganda ya karanga mapajani, taratibu, moja moja. "Ile milango ya vyoo nani katengeneza, shemeji?"

Magari yalikuwa yanapita nje ya ukuta. Kipara, aliyekuwa anakuja na chupa mbili za soda, aliona sura zao, akageuza njia.

"Mimi," alisema Milimita.

"Kwa mchoro wa nani?"

Uso ulikuwa umemwiva Milimita kuanzia shingoni, na hakukuwa tena na Msanifu wa kumtupia lawama. Alikwenda kwenye pikapu, akatoa patasi, nyundo, bisibisi kubwa na karatasi nyeupe. Kwenye karatasi aliandika, kalamu inatoboa: CHOO KIMEFUNGWA. MLANGO UNARUDI KARAKANA. Akarudi, akapita mbele ya shemeji bila kusimama.

"Unakwenda wapi? Wageni bado wamejaa mle ndani!"

"Wajibane," alisema Milimita, akasukuma mlango wa kioo kwa bega, na muda si mrefu ukumbi mzima ukasikia nyundo.